Gauni Lako la Harusi na Jasho la Fundi



Leo sileti mshono mpya. Nina ofisi ndogo ya ushonaji hapa Muheza. Miaka michache nyuma nilikuwa na fundi, binti hodari wa kutia shanga. Mshahara tulipatana kwa mdomo tu. Alipopata ujauzito nikamwambia, "Kapumzike, ukijifungua utarudi." Sikumlipa kitu, na kwenye cherehani yake nikaweka mwingine. Aliporudi na mtoto mgongoni nafasi haipo. Akachukua mkasi wake, akasema, "Haya dada, ahsante," akaondoka.

Nilijiona nimefanya wema. Kumbe nimedhulumu.

Zamani sheria za kazi zilikuwa nyingi na zimetawanyika, nyingine za tangu mkoloni, enzi za manamba wa mashamba ya mkonge ya huku kwetu. Mwaka 2004 Bunge likafuta nyingi na kuzikusanya, hasa katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6. Humo mfanyakazi anapewa masharti ya kazi kwa maandishi. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada inalipwa si chini ya mara moja na nusu. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, na 100 akijifungua mapacha. Akirudi ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kumwachisha kazi kwa sababu ya mimba ni kosa. Hiyo ni ya Bara. Nyie wa Unguja na Pemba mna yenu, Namba 11 ya 2005, isomeni.

Wenzangu husema sheria hizi ni za viwanda, sisi wenye cherehani tatu zitatufilisi. Ni kweli mfuko unauma. Lakini faida inayotoka kwenye haki ya mzazi ina baraka gani? Mtume (s.a.w.) ametufunza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na Suratul Baqarah, aya ya 282, inatuamrisha kuandikiana madeni. Mshahara wa mwisho wa mwezi si deni?

Kukusanya sheria ni jambo jema, ila bado hazijafika kwenye vibaraza vyetu. Ningependa kila anayechukua leseni ya biashara apewe na karatasi moja ya mkataba, Kiswahili chepesi, ajaze na mfanyakazi wake. Mimi ningepewa hiyo, yule binti asingeondoka vile.

Na wewe bi harusi una sehemu yako. Ukileta kitambaa wiki moja kabla ya nikahi, kuna mtu atakesha. Lete mapema, miezi miwili ikiwezekana. Ukichelewa, usilie bei, maana nyongeza ile ni ya usiku wa mwenzio. Na uliza bila haya, "Mafundi wako wana mikataba?" Mteja akiuliza, sisi wenye ofisi tutaandika.

Yule binti nilimfuata kwao, nikamlipa siku zake na kumwomba radhi. Hakurudi kazini, ila alinisamehe. Mafundi wangu wa sasa wote wana karatasi zao.

Allah azijaalie ndoa zenu kheri, na mavazi yenu yasiwe na dhulma ya mtu. Amin.