Mume wa Kuzimu Hahitaji Meno Marefu

KIVULINI MWA MBUYU
Na Ndinda Kasyoka

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, C. W. Hobley, afisa wa kikoloni aliyehudumu Ukambani na kuandika sana kuhusu mila za wenyeji, alinakili jambo ambalo mpaka leo sijaona mwandishi wa riwaya akiligusa. Aliambiwa kwamba mwanamke wa Kikamba aliyeolewa ana waume wawili. Mmoja ni huyu anayeonekana, wa kulima naye na kugombana naye. Wa pili ni mzimu wa mhenga fulani, na huyo ndiye anayetegemewa kuleta mimba. Miezi ikipita bila dalili, watu walisema mume wa kuzimu amemsusa mkewe. Basi ilitolewa pombe, akachinjwa mbuzi, ili bwana yule arudishe moyo wake nyumbani.

Hebu fikiri. Mke mmoja, mume aliye hai, mume aliyekufa, na mbuzi wa kuwapatanisha. Wivu umo, tamaa imo, hofu imo, na mama mkwe hajaingia bado.

Nayataja haya kwa sababu ya miswada inayonifikia kutoka kwa vijana wa Migwani, Mwingi, Wote na kwingineko Ukambani. Wengi siku hizi wanataka kuandika mapenzi ya ajabu: binti anapendwa na kiumbe asiye wa dunia hii, au kijana anavuka miaka na kumkuta mchumba aliyezikwa zamani. Nafurahi sana. Wanaodhani mapenzi ni uandishi wa kitoto hawajajaribu kuyaandika. Tatizo ni kwamba kila mpenzi wa ajabu ninayekutana naye kwenye miswada hiyo ana ngozi iliyopauka, meno marefu na koti jeusi linaloburura chini, tena hastahimili jua. Koti refu jeusi, Migwani, mwezi wa Septemba! Kiumbe asiyestahimili jua angekuwa majivu kabla ya saa tatu asubuhi, na hadithi ingeishia hapo.

Siwalaumu kwa kuazima. Aliyemleta yule mnyonya damu wa kwanza aliishi penye baridi na ukungu, akaandika alichokijua. Msomaji wa hapa yuko tayari kuamini mengi. Amelelewa na hadithi za aimu, yaani mizimu, amesikia ngoma ya kilumi ikichezwa, na hata akiwa mzee wa kanisa anajua njia ambayo hapiti usiku. Mzimu haumshindi. Kinachomshinda ni mzimu usio na masharti, unaoingia na kutoka kama mwandishi apendavyo, leo unapita ukutani, kesho unabisha hodi.

Masharti hayo hatuna haja ya kuyabuni kutoka hewani. Kitui ilimzaa John Mbiti, mwaka 1931 kule Mulago, na mwaka 1969 akatoa kitabu chake maarufu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Humo aliugawa wakati katika sehemu mbili alizozipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Kwa maelezo yake, mtu akifa haondoki mara moja. Anabaki ndani ya Sasa, karibu na jamaa zake, kwa muda wote ambao yuko aliye hai anayemkumbuka kwa jina, kwa kawaida hadi kizazi cha nne au cha tano. Siku anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo marehemu anapozama katika Zamani, akawa roho tu isiyo na jina, na watu huanza kumwogopa.

Wanafalsafa wamemshambulia Mbiti kwa nadharia hiyo, hasa pale aliposema kwamba katika fikra za Kiafrika wakati ujao karibu haupo. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga waziwazi. Sisi watunga riwaya tuwaachie ugomvi wao. Kwetu Mbiti ametoa kitu adimu, saa ya hadithi ya mapenzi. Tuseme binti wa Migwani anampenda kijana aliyekufa miaka sabini iliyopita. Anamwona kwa sababu kijana bado yumo ndani ya Sasa. Na yumo ndani ya Sasa kwa sababu kuna ajuza mmoja, pengine kule Nguutani, ambaye alicheza naye utotoni na bado anamtaja kwa jina. Ajuza akilazwa hospitalini kwa homa ya mapafu, mapenzi yote yananing'inia kwenye pumzi zake. Binti atakwenda kumuuguza. Atamuuguza kwa upendo, au kwa kujipendelea? Na ajuza je, alikuwa nani kwa kijana yule? Sura kumi na mbili hizo, na hakuna aliyeng'atwa shingo.

Mbiti huyohuyo anaeleza kwamba katika jamii kadhaa mwana akifa kabla hajaoa, wazazi wanaweza kumwozea mke ingawa hayupo, ili jina lake lisipotee, na watoto wakizaliwa huitwa wake. Ukambani tuna pia iweto, mwanamke anayeolewa na mwanamke mwenzake asiye na mtoto ili nyumba isifungwe, na hadi leo kesi za urithi zinazohusu ndoa hizo husikizwa katika mahakama zetu. Kwa hiyo bibi harusi wa marehemu ni mtu aliyepata kuishi. Alichota maji kwenye mchanga wa mto, akabeba kiondo kwenda sokoni, na jioni akaitwa mke wa mtu ambaye hakumwona hata siku moja. Mwandishi anachoongeza ni kitu kimoja tu: usiku mmoja yule mume anakuja. Ajabu moja katikati ya mambo kumi ya kweli inaaminika. Ajabu kumi zikirundikwa, hata lile la kweli linatiliwa shaka.

Pwani nao wana jini mahaba, anayempenda binadamu na kumharibia kila posa. Simulizi zake zina ukali uleule wa masharti: jini ana wivu, ana siku zake, ana manukato anayoyataka, na kuachana naye kuna gharama. Linganisha na habari zinazopendwa magazetini mwetu, za wapenzi walionasana kwenye gesti hadi mganga wa Ukambani akaletwa. Watu wanacheka, polisi wanatawanya umati, kisha basi. Hakuna aliyeniambia mke aliyeachwa nyumbani alisema nini usiku ule. Mimi pia nimechoshwa na waandishi wa Nairobi ambao Kitui kwao ni ghala la uchawi wa kuchekesha. Uchawi usiomgharimu mtu chochote hauna hadithi.

Sasa tugeukie safari za wakati. Diana Gabaldon, Mmarekani aliyeandika riwaya ya muuguzi wa mwaka 1945 anayepita kati ya mawe ya Uskoti na kutokea mwaka 1743, amesimulia kwamba alianza kwa kumwona kijana aliyevaa sketi ya Kiskoti katika kipindi cha zamani cha televisheni. Mengine aliyatafuta maktabani. Vijana wetu wanamwiga kwa mawe, wakati jiwe wanalo. Karibu na mji wa Kitui kuna jiwe la Nzambani, na masimulizi husema ukilizunguka mara saba mwanamume anageuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Jaribu kulifanya hilo mlango wa wakati bila kuivunja kanuni yake. Kijana anamfuata mchumba wake hadi karne ya 19, anafika salama, ila amefika akiwa msichana. Hapo ndipo ningefungua macho.

Na ukivuka, ushukie mahali penye watu. Mwaka 1849 Kitui ilikuwa ya Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilishuka hadi pwani. Mwaka huo alimpokea mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai. Kiswahili kilijulikana katika misafara ile, kwa hiyo binti wa leo mwenye Kikamba chake cha kuchanganya na Kiswahili cha shuleni asingekosa kabisa wa kuzungumza naye. Mtu wa kwanza kukutana naye asingemuuliza ametoka mwaka gani. Angemuuliza, wewe ni wa mbai gani?

Swali hilo la ukoo ndilo linaloweza kuibeba riwaya nzima. Mtu wa Aombe haoi Aombe, wa Atangwa haoi Atangwa. Binti anampenda kijana wa msafara, kisha anagundua wao ni ukoo mmoja. Au ni vibaya zaidi: kijana huyo ndiye babu wa babu yake, na kama hatamwoa mwanamke mwingine, yeye mwenyewe hatazaliwa. Octavia Butler, mwandishi mweusi wa Marekani, alikiona kisu hicho mwaka 1979 katika *Kindred*, ambapo mwanamke wa kisasa analazimika kumlinda mwenye watumwa kwa kuwa ni mhenga wake. Kwetu kisu kina makali mawili, kwa sababu ukoo unakataza hata pale damu ilipokwisha kuwa nyepesi.

Halafu kuna mbuzi wa ntheo. Bila mbuzi hao hakuna ndoa mbele ya mila ya Kikamba, hata mkiishi pamoja miaka thelathini. Mwanamume wa leo aliyeanguka mwaka 1849 na M-Pesa yake, huduma iliyoanza 2007, atawatoa wapi? Itabidi afanye kazi, achonge mizinga, au afuate msafara hadi pwani akirudi na ushanga. Wakati anapowatafuta mbuzi ndipo mapenzi yanapokomaa, na ndipo msomaji anapoanza kumwombea.

Tarehe nazo ziangaliwe. Mhusika akishushwa Migwani mwaka 1898 asitafute kalenda. Wakamba walihesabu miaka kwa njaa, na ile iliyoandamana na ndui mwishoni mwa karne hiyo, 1898 na 1899, inaitwa Ngomanisye. Sasa mgeni wetu alisoma jina hilo darasani. Akilitamka kabla njaa yenyewe haijapewa jina, wazee watamwangalia vipi? Pengine kama mababu zao walivyomwangalia Syokimau, yule nabii anayesimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu akitoka baharini kwenda ziwani na watu wanaobeba moto mifukoni, kabla reli haijaanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Hakusema treni. Alisema nyoka, kwa kuwa nyoka alimjua. Vijana wanaomleta shujaa wa zamani katika Kenya ya leo wamsome Syokimau vizuri. Mtu wa Kivoi akisimama kando ya lami ya Kabati hadi Mwingi haoni matatu. Anaona kitu, na kazi yako ni kumtafutia jina kutoka kichwani mwake, si kutoka kichwani mwako.

Krapf ana somo jingine. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya na theluji yake, mlima ambao Kivoi alikwisha kumweleza. Aliporipoti, William Desborough Cooley, msomi wa London ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alimdhihaki: theluji kwenye ikweta? Krapf alisema kweli tupu na hakuaminika. Miaka miwili baadaye, karibu na Mto Tana, msafara ulivamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka peke yake porini, akibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki yake. Theluji ile ilitiliwa shaka, lakini maji ndani ya mtutu wa bunduki sijamsikia mtu akiyabishia. Hayabuniki na mtu aliyeketi kwenye kiti.

Kwa hiyo mwingize Cooley ndani ya riwaya. Pawepo mtu asiyeamini, tena awe na akili. Nyumba ya kawaida Migwani ina watu wa namna hiyo tayari: mama wa kanisa la AIC ataamuru maombi, shangazi atanong'ona kuhusu mundu mue, yaani mganga, na kaka anayesoma chuo kikuu atasema dada ana msongo wa mawazo. Wote watatu wana hoja. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilijua hilo alipoandika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapishwa mwaka 1960. Mizimu inatawala kurasa zake mpaka mpelelezi Bwana Msa anapochungulia na kuukuta mkono wa mtu. Wewe unaweza kwenda upande wa pili, Bwana Msa wako achungulie asione mkono wa mtu yeyote. Lakini lazima achungulie.

Migwani imekwisha kuandikwa. Philip Spires, Mwingereza aliyepata kufundisha pale, aliiweka katika riwaya yake *Mission*, kwa Kiingereza. Namshukuru, ila najua mgeni huandika anachoonyeshwa, na kuna mambo bibi hamwonyeshi mgeni.

Basi ewe mwenye kalamu, likizo hii nenda kwa bibi yako kabla hujaandika sura ya kwanza. Muulize majina ya waliokufa ambao yeye peke yake ndiye anayewakumbuka. Muulize nani alioza mke kwa ajili ya mwana aliyekufa, na mke huyo alizikwa wapi. Uliza ukoo, uliza njaa, uliza mbuzi walikuwa wangapi na nani aliwakataa. Mswada utakaotokana na hayo niletee, nitausoma hata kwa koroboi. Ule wa meno marefu baki nao.