Mkwezi Asiye na Bunduki

Wasemao kwamba michezo ya mashine ni bunduki tupu hawajaujua Crazy Climber, uliotolewa Japani mwaka 1980 na kampuni ya Nichibutsu. Hauna hata kitufe cha kupigia risasi. Una vijiti viwili, kila kimoja mkono wake. Mchezaji hukwea jumba la ghorofa dirisha kwa dirisha, nayo madirisha hufungwa ghafla yakamwangusha asiyekuwa macho. Wenyeji humtupia vyungu vya maua kichwani (na nani atawalaumu?). Yeye hana la kujibu ila kushikilia kwa mikono miwili. Mkwezi wa minazi angeuelewa mara moja. Mimi nausifu kuliko Space Invaders wa 1978, ambao hauendi mbele bila kufyatua.