Ulemavu usipimwe kwa siku moja

Maradhi ninayougua huitwa kwa lugha yetu baridi yabisi. Jina hili ni urithi wa tiba ya kale ya Wayunani na Waarabu, iliyoyagawa maumbile ya mwanadamu katika joto na baridi, unyevu na ukavu. Tiba hiyo imekwisha kupitwa na wakati, lakini jina limebaki, na dhana yake imebaki nalo. Ndiyo maana hapa Mombasa, ambako jasho hututiririka karibu mwaka mzima, bado nausiwa nivae soksi, nisioge maji baridi na nisilale karibu na dirisha. Wengine hustaajabu kwamba mwanamke ambaye hajapata hata mjukuu mmoja anaugua ugonjwa wanaouhesabu kuwa wa vikongwe.

Aina niliyo nayo mimi haiwangojei wazee wala haijali jua. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikaushambulia utando ulio ndani ya viungo vya mtu mwenyewe: vidole, vifundo vya mikono, magoti, nyayo. Wanawake huipata takribani mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na aghalabu huanza kati ya umri wa miaka 30 na 60, yaani wakati ule ule ambapo mwanamke analea watoto, anatafuta riziki na kuwauguza wazazi wake. Ikiachwa bila dawa hula mifupa polepole hadi vidole vikapinda visinyooke tena.

Sikukusudia kufundisha utabibu katika safu hii. Nayaeleza haya kwa sababu ya tabia moja ya maradhi haya ambayo wenye mamlaka katika nchi yetu bado hawajaielewa, nayo ni kwamba hupanda na kushuka. Zipo asubuhi ambazo huketi kitandani saa nzima na zaidi nikisubiri mikono ikubali kufunga vifungo vya gauni. Siku kama hiyo kukuna nazi juu ya mbuzi ni muhali, seuze kukamua tui. Kuzungusha ufunguo mlangoni, kufungua kifuniko cha chupa, kumsuka binti yangu nywele, yote hayo huwa milima. Uchovu wake nao si ule wa mtu aliyefanya kazi akachoka. Ni uchovu unaokutangulia kabla hujainuka. Kisha, ndugu msomaji, huja siku ambayo naamka kama kwamba sikuwahi kuugua, nikashuka ngazi bila kushika ukuta.

Siku hizo njema ndizo zinazotolewa ushahidi dhidi yangu.

Mimi ni mwalimu katika shule ya binafsi. Niliandika kuomba vipindi vyangu vianze saa nne, wakati ambapo viungo huwa vimelegea na mkono unaweza kushika chaki, na barua ya daktari nikaiambatisha. Nilijibiwa kwamba Jumamosi iliyotangulia nilionekana harusini nikicheza pamoja na wanawake wenzangu. Ni kweli, nilicheza. Hakuna aliyeniona Jumapili, wala Jumatatu niliposimama mbele ya darasa nikiwa nimeuegemeza ubao bega langu. Nilipokwenda hospitalini kupimwa ili nipewe cheti cha ulemavu, niliambiwa niubane mkono wa daktari kwa nguvu zangu zote. Siku hiyo nguvu zilikuwepo. "Mama, wewe u mzima," akasema, na karatasi ikafungwa. Cheti hicho, kwa asiyejua, ndicho mlango wa kuombea msamaha wa kodi ya mapato na nafuu nyingine ambazo sheria imewawekea watu wenye ulemavu.

Watakaodhani naomba fadhila na wafungue Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 260, ambapo maneno yaliyotumika humo yanafafanuliwa. Ulemavu hapo si upungufu wa kiungo, wa macho, wa masikio au wa akili peke yake. Kifungu hicho kinataja waziwazi hali au ugonjwa wenye athari kubwa au za muda mrefu kwa uwezo wa mtu wa kutenda shughuli zake za kila siku. Ugonjwa! Walioiandika Katiba walijua kwamba si kila mlemavu ana gari la magurudumu. Kifungu cha 54 nacho kikampa mtu huyo haki ya kuheshimiwa utu wake na ya kufika kwa njia ifaayo mahali popote na kwenye magari ya uchukuzi wa umma. Bunge limekwisha kutunga sheria mpya, ile ya mwaka 2025 iliyochukua nafasi ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003. Lakini sheria husomwa na mtu aliyeketi nyuma ya meza, na mtu huyo aghalabu huamini kile tu ambacho macho yake yamekiona siku hiyo.

Ndio asili ya fimbo yangu. Natembea na fimbo hata siku ambazo siihitaji, kwa kuwa bila fimbo hakuna anayenipisha kiti, na utingo wa matatu hunihimiza nipande upesi kama msichana wa shule. Nikiwa nayo nasaidiwa, naitwa mama, nashikwa mkono. Nimelazimika kubeba kilema kinachoonekana ili kile kisichoonekana kisadikiwe. Sidhani kama mtu mwenye homa angetakiwa kutembea na kipimajoto kifuani.

Nyumbani mambo yana uzito wake mwingine. Wahenga wetu walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini nadhani walimsahau mgonjwa ambaye ndiye mpishi wa uji wenyewe. Mume akiugua mgongo nyumba nzima hunyamaza. Mke akivimba vidole huulizwa chakula kitaiva saa ngapi. Mavyaa wangu ni mwanamke mwema, nami simsemi kwa ubaya, ila ilimchukua miaka kuamini kwamba mwanamke aweza kuacha sufuria bila kuoshwa kwa sababu isiyokuwa uvivu. Dawa tunayopewa wengi wetu, ile ya vidonge vya mara moja kwa juma, hailiwi na mwanamke mwenye mimba wala anayetazamia kushika mimba, kwani humdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo mwanamke kijana mwenye maradhi haya hulazimika kupanga uzazi wake na daktari miezi kadhaa kabla, huku ukweni wakihesabu miezi kwa hesabu yao wenyewe.

Katika sensa ya mwaka 2019, waliohesabiwa kuwa na ulemavu walikuwa asilimia 2.2 ya Wakenya, wanawake wakiwa asilimia 2.5 na wanaume asilimia 1.9. Ninapozisoma tarakimu hizo hujiuliza ni wangapi waliokutwa na karani siku yao njema.

Najua jibu ambalo wakuu watanipa. Watasema kwamba mlango ukifunguliwa kwa maumivu yasiyoonekana wataingia wadanganyifu wanaokimbia kodi. Wadanganyifu wapo, siwatetei. Lakini mgonjwa wa miaka mingi hawezi kuwa bila maandishi. Yako majibu ya damu, maana dawa zetu hutulazimu kupimwa damu na ini mara kwa mara; ziko picha za mifupa, ziko kadi za kliniki zilizochakaa pembeni. Bodi zinazopima ulemavu na ziitishe maandishi ya mwaka mzima, kisha zimuulize mgonjwa siku zake mbaya ni ngapi kwa mwezi na siku hizo hushindwa na nini. Mtu hahitaji mashine ngeni wala bajeti mpya kuuliza swali hilo.

Waajiri nao wasitishike. Aghalabu tunachoomba ni saa, si fedha. Katika shule yetu mwalimu wa Sayansi amekwisha kukubali kuchukua vipindi vyangu viwili vya asubuhi nami nichukue vyake vya alasiri, kwani yeye hupenda kuondoka mapema akamchukue mtoto wake. Tumeichora ratiba wenyewe, na hakuna darasa linalobaki bila mwalimu. Kinachongojewa ni sahihi ya mwalimu mkuu.