Chanjo ya miezi 18 isiishie kwenye sindano

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto hapa Tanga, na swali la kila mama anayepanga foleni nalijua: mtoto ameongeza kilo ngapi? Mzani umening'inizwa kwenye boriti ya kibaraza. Mtoto anavalishwa ile suruali ya mzani, anapiga mayowe, uzito unasomwa, nukta inawekwa kwenye kadi, mama anashusha pumzi. Yanayobaki ni maswali yasiyohitaji kifaa chochote. Ukimwita jina lake, anageuka? Anakuonyesha kitu kwa kidole? Aliwahi kuwa na maneno, kisha yakapotea? Hata pale kadi inapogusia makuzi, kalamu zetu nyingi huishia kwenye kilo.

Rai yangu ni kwamba mtoto anayeletwa kwa sindano ya pili ya surua rubela, akiwa na miezi 18, asiondoke kabla mama yake hajaulizwa hayo. Katika umri huo, kwa watoto wengi wenye usonji, dalili huwa zimeshaanza kujitokeza. Tena wapo akina mama ambao wakishamaliza chanjo hatuwaoni tena mpaka mtoto augue.

Jaribio langu ni dogo. Mtoto akiwa amepakatwa, nanyoosha kidole kuelekea feni: "Eh, ona feni ile!" Wengi huitazama feni, halafu hunigeukia usoni kuhakikisha kwamba na mimi nimeiona. Mwingine hutazama kidole chenyewe, au haangalii kokote. Mara moja haitoshi kusema lolote. Pengine ana njaa, pengine ameniudhikia kwa ajili ya sindano. Ndiyo maana namuuliza mama habari za nyumbani. Mama mmoja wa Pongwe alinieleza kwamba mwanawe akitaka maji haiti wala haonyeshi. Humshika mama kifundo cha mkono, akamvuta hadi kwenye ndoo, akauweka ule mkono juu ya kata, bila kumtazama usoni hata kidogo. Mchana kutwa anazungusha mfuniko wa sufuria sakafuni, na ukiuondoa, kilio chake mtaa mzima wanakisikia. "Lakini nesi," akaniambia, "bibi yake anasema niache wasiwasi. Huyu dume, na baba yake naye alichelewa kusema."

Ni kweli wapo wanaochelewa kusema na baadaye wakasema vizuri tu. Hao, hata kabla ya maneno, huonyesha kwa kidole, huiga mama akifagia, huweka kiberiti sikioni wakaita "alo". Asiyesema, asiyeonyesha, asiyegeuka akiitwa, huyo hasubiriwi. Kwanza apimwe masikio, maana asiyesikia naye hageuki. Wengi badala yake hupelekwa kukatwa utando wa chini ya ulimi, kana kwamba ulimi ndio unaonyoosha kidole. Baada ya kidonda, linafuata kombe la kunywa, na baada ya kombe, kikao cha ukoo cha kutafuta mama alikosea wapi.

Kumbebesha mama lawama hatukuanza sisi. Marekani, Bruno Bettelheim alidai katika kitabu chake cha 1967 kwamba usonji huletwa na ubaridi wa wazazi, ilhali Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshaandika mwaka 1964 kwamba asili yake iko kwenye ubongo. Rimland ndiye aliyekuwa sahihi, na leo inajulikana kuwa urithi una sehemu kubwa.

Kuhusu chanjo yenyewe, uvumi kwamba huleta usonji umefika hadi kwenye kibaraza chetu. Ulipata nguvu Uingereza mwaka 1998, Andrew Wakefield na wenzake walipochapisha katika jarida la Lancet habari za watoto 12. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo, na Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Sindano na dalili hukutana kwenye umri mmoja, basi. Mtoto asiyechanjwa anaweza kuwa na usonji vilevile, na surua juu yake.

Wenzangu huniuliza, "Dada, ukishamgundua utampeleka wapi?" Swali zito. Wataalamu wa makuzi na matamshi ni wachache, na nauli ya kwenda hospitali ya Muhimbili si ya mchezo. Dawa ya kuondoa usonji hakuna, anayekuuzia anakuibia. Lakini Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi yanayoweza kuendeshwa na watu wasio mabingwa: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Mzazi anafundishwa kuingia kwenye mchezo wa mtoto. Yule mama wa Pongwe nilimwambia akae sakafuni na mfuniko wake wa pili, wazungushe kwa zamu, aseme "zungusha!" na asite kidogo kabla ya kuzungusha, mtoto apate sababu ya kumtazama. Tulijifunza kupima mkono wa mtoto kwa utepe wa utapiamlo. Haya nayo tutajifunza, na wahudumu wa afya wa mitaani pia.

Foleni ni ndefu, najua, nami nasimama humo humo. Maswali yangu huanza ninapovuta dawa kwenye bomba la sindano na huisha kabla pamba haijatupwa. Majibu nayaandika pembeni mwa kadi kwa wino mwekundu, na yakinitia shaka naongeza tarehe ya kurudi: mwezi ujao, na aje pamoja na huyo bibi.