Vidio kolo ya shosho isiishie kwa salamu

Wewe uliye Nairobi na kwenu ni Igembe au Mbeere, mara ya mwisho kupiga vidio nyumbani, uliangalia mdomo wa shosho? Sisemi tabasamu. Ndani.

Mimi niligundua kwa bahati tu. Guka yangu wa Embu aliacha kula githeri, na kila tukipiga simu tunaambiwa ni uzee. Siku moja binamu yangu mdogo akawasha tochi, akampiga picha nne, akanirushia kwa WhatsApp. Ufizi umevimba, jino linacheza. Nikamwonyesha daktari wa meno, naye akasema mzee aletwe wiki hiyo hiyo. Picha haikumtibu, lakini ilimtoa nyumbani.

Utafiti wa kitaifa wa 2015 uligundua karibu watu wazima 98 kati ya 100 nchini walikuwa na ufizi unaotoka damu. Huku kwetu ongeza miraa na muguka vya miaka 40, na soda ya kushushia. Ongeza kisukari, ambacho huumiza ufizi, na dawa za presha ambazo zingine hukausha mate. Halafu tunasema ni uzee!

Hauhitaji simu ya bei. Hata kabambe ya shosho ina kengele. Mtegee saa mbili usiku: apige mswaki kwa dawa yenye floraidi, na kama ana meno bandia ayatoe, ayasugue, ayaache kwa maji hadi asubuhi. Jumapili piga vidio, mtoto wa pale nyumbani ashike tochi. Kidonda ambacho hakijapona kwa wiki mbili kisingoje uje Krismasi. Tuma M-Pesa, na useme wazi ni ya daktari, la sivyo itanunua mbolea.

Lakini usiulize akili unde peke yake, kisha uagize antibiotiki dukani. Na tafadhali, mdomo wa shosho si wa kuweka status.

Kuna watakaosema hii ni kazi ya kaunti. Ni kweli, afya iligatuliwa 2013, na lazima tuzidi kuwadai magavana madaktari wa meno mashinani, si Meru na Embu mjini tu. Ila jino la guka halingoji bajeti.

Siku hizi yeye hushika simu mwenyewe. Shida ni moja: anafungua mdomo kabla hata sijamsalimia.