Miezi Sita ya Nini?

Mshahara huja kwa mwezi. Mkopo wa benki hukatwa kwa mwezi. Ni mwenye nyumba peke yake, Moshi hii, anayetaka jasho langu la nusu mwaka kabla sijalala chumbani kwake hata usiku mmoja.

Ingia Kiusa, Bondeni au Majengo, utafute chumba kimoja self. Dalali atataka kwanza hela ya kuonyeshwa, hata kama chumba kilishachukuliwa jana na anajua fika. Kisha bei: tuseme 100,000 kwa mwezi. Nafuu, sivyo? Miezi sita ni 600,000. Cha dalali, kodi ya mwezi mmoja. Laki saba, na godoro hujanunua! Mtumishi wa umma wa kima cha chini, aliyepandishiwa mshahara hadi 500,000 Julai 2025, hakipati chumba hicho hata akifunga kula mwezi mzima. Muuguzi mgeni wa hospitali ya KCMC, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika, muuza mitumba wa soko la Memorial, wote wakakope.

Na wanalipia nini? Nyumba ya kale iliyokatwakatwa kwa mbao laini ikazaa vyumba vinne, choo kimebanwa palipokuwa stoo, jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako.

Najua watakavyojibu: wapangaji ni wakorofi, wanatoroka na madeni. Wapo, sikatai. Basi chukua amana ya mwezi mmoja, andika mkataba, anayekiuka mshtaki. Lakini usinigeuze benki yako isiyo na riba, eti unamalizia nyumba ya kifahari Machame ambamo utalala Krismasi tu.

Tena kuna la LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye umeme. Kisheria ni deni la mwenye jengo. Anayenunua tokeni ni mimi. Nani amewahi kurudishiwa? Jaribu kuidai, uone notisi inavyokuja mbio.

Nchi hii ilikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, pamoja na mabaraza ambako mpangaji aliyeonewa alikwenda kushtaki. Ikafutwa mwaka 2005, soko likaachiwa uwanja. Tangu hapo ukilalamika unaambiwa hayo ni makubaliano ya watu wawili, serikali itaingiaje?

Itaingiaje? Mbona iliingia! Kulikuwa na wenye nyumba waliotaja kodi kwa dola bila haya, hasa kule Shanty Town kwenye wageni wa mlima na wa miradi. Machi 2025 zikatoka kanuni za kupiga marufuku bei na malipo ya fedha za kigeni nchini. Hakuna aliyeuliza kuhusu makubaliano ya watu wawili. Shilingi ilionewa, serikali ikavuka kizingiti kuitetea.

Basi ivuke tena: kodi ya mwezi ilipwe kwa mwezi, dalali alipwe na aliyemtuma, na kodi ya jengo niliyokatwa kwenye umeme ipunguzwe kwenye pango bila mtu kunionyesha mlango.