Nguruwe Alipona. Mgonjwa Je?

Nikiweka video yoyote kuhusu utafiti wa ubongo, makundi mawili hufika mbio kwenye maoni. La kwanza: "Wanatesa wanyama, wafungwe!" La pili: "Nguruwe ni nyama tu, acha sayansi ifanye kazi." Leo nina maneno na wote wawili. Lakini ugomvi wangu mkubwa ni na watu ambao huwa hawaandiki chochote pale: wale wanaochukua matokeo ya nguruwe na kuyauza kama tiba ya binadamu.

Tuelewane kwanza, wasee. Aneurizimu ya ubongo ni pale ukuta wa mshipa wa damu unapodhoofika na kufura. Umewahi kuona tairi la baiskeli lililoisha hadi tyubu inachungulia? Basi ni hivyo. Karibu watu wazima 3 kati ya 100 wanatembea nayo bila kujua, na wengi wao haitawahi kuwasumbua. Lakini ikipasuka, damu inamwagika kuzunguka ubongo. Wengi hufa, na wengi wanaobaki hawarudi kuwa walivyokuwa.

Sasa nyinyi wa "fungeni maabara zote", hebu mnijibu hili. Zamani tiba ilikuwa kufungua fuvu na kuubana mshipa kwa klipu. Halafu daktari Mwitaliano, Guido Guglielmi, akiwa UCLA kule Los Angeles, akatengeneza koili ya platinamu, waya laini kabisa unaopitishwa ndani ya mishipa kuanzia pajani hadi kwenye kile kifuko, unajikunja humo, kisha unaachiliwa kwa umeme kidogo. Alianza na nguruwe. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa 1990. Mwaka wa 2002 utafiti uitwao ISAT, uliohusisha wagonjwa 2,143 ambao aneurizimu zao zilikuwa zimepasuka, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliokufa au kubaki wakitegemea wengine walikuwa asilimia 23.7 kwa koili na asilimia 30.6 kwa klipu. Hiyo tofauti ni watu. Kwa hivyo mimi siwezi kusema wale nguruwe walikufa bure. (Na ndiyo, nakula nguruwe, tena na kachumbari. Msiniulize.)

Shida iko hapa: nguruwe wa maabara hana ugonjwa huu. Anashonewa. Daktari anakata kipande cha vena, anakishona kama kimfuko ubavuni mwa ateri ya shingo. Ni shingo, si ubongo. Mnyama mwenyewe ni kijana, mzima, hajawahi kuvuta sigara, presha yake iko sawa. Mgonjwa halisi mara nyingi ni mama wa miaka 50 na kitu, mwenye presha. Na balaa lenyewe ni kwamba kile kimfuko cha nguruwe, hata ukikiacha bila kukigusa, mara nyingi damu huganda ndani na kinajiziba chenyewe baada ya wiki chache tu. Sasa ukiweka koili yako mpya na kikaziba, nani ameponya? Wewe ama nguruwe?

Msidhani natunga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuja koili za Matrix, platinamu iliyopakwa aina ya plastiki inayoyeyuka mwilini, ili kidonda kipone haraka. Kwa nguruwe zilipendeza sana. Zikaingia sokoni, kwa bei ya juu kuliko koili za kawaida. Baadaye zikapambanishwa na platinamu tupu kwa watu, katika jaribio la MAPS, na hazikuishinda. Cerecyte nayo ikapimwa kwa wagonjwa, hadithi ikawa ile ile. Yaani watu walilipia zaidi kwa kitu kilichofanya kazi vizuri kwa nguruwe anayejiponya mwenyewe.

Kwetu hapa hiyo si stori ya mbali. Familia inachanga kwa paybill, kikundi cha WhatsApp cha ukoo kimechoka, na kifuko kimoja kinaweza kuhitaji koili kadhaa. Hapo neno "mpya na bora" lina bei.

Na kuna njia iliyo afadhali. Kuna modeli ya sungura: ateri ya shingo inafungwa, kisha inawekewa elastesi, kimeng'enya kinachokula zile nyuzi zinazoufanya ukuta wa mshipa uvutike. Baada ya wiki kadhaa kisiki cha ule mshipa kinafura na kuwa kifuko cha ukubwa unaokaribia wa binadamu, na hakijizibi ovyo. Kinaweza kubaki wazi hata miaka 2. Si kamili, maana nacho hakiko kichwani. Ukitaka kujua kwa nini aneurizimu hupasuka, kuna panya, ambao zao hutokea kwenye ubongo wenyewe, ila mishipa yao ni midogo mno kupitisha koili. Hakuna mnyama mmoja wa kujibu kila swali, na anayekuambia yupo anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ndiyo maana kwangu ukatili mkubwa ni kumuua mnyama kwa jaribio ambalo tangu mwanzo halikuweza kujibu swali lake. Kama unataka tu kuona damu inavyozunguka, kuna mifano ya silikoni inayotengenezwa kutokana na picha za mgonjwa. Tumia hiyo. Ukilazimika kutumia sungura, anayepima matokeo asijue nani alipata koili gani. Na ikifeli, chapisha pia, ili maabara nyingine isichinje sungura 40 kurudia kosa lako.

Nanyi mnaonitumia zile habari za "tiba mpya ya ubongo yapatikana", sikatai, endeleeni. Ila kabla ya kunitumia, niandikieni alikuwa mnyama gani, na yule mwenzake ambaye hakutibiwa aliendelea aje.